Ng'ambo na Mipango Yake Minne

Katika karne ya 20 mji wa Zanzibar ulichorewa mipango mikuu minne: wa Lanchester mwaka 1923, wa Kendall mwaka 1958, wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968 na wa Wachina mwaka 1982. Serikali zilizoagiza mipango hiyo hazikufanana. Mbili za mwanzo zilitawala chini ya himaya ya Mwingereza, mbili za mwisho zilizaliwa na Mapinduzi ya 1964. Hata hivyo, zote zilipotoka Mji Mkongwe, zikavuka Darajani na kuingia Ng'ambo ziliuona mtaa kwa jicho moja: nyumba za udongo zilizosongamana, vichochoro visivyo na hesabu, kazi inayosubiri mtu wa kuipanga upya. Mpango uliofuata, Ng'ambo Tuitakayo, ulioanza katika muongo wa 2010, umesifiwa kwa kuwapa wakaazi nafasi ya kusema wanautaka mtaa wao uweje. Sifa hiyo ni ya haki, ila inapunja historia. Watu wa Ng'ambo walishiriki katika kila mpango uliopita. Walishiriki wakiwa wamechelewa kuulizwa, au bila kuulizwa kabisa, kwa kugoma, kwa kukaa walipotakiwa kuondoka na kwa kuyatumia majengo kinyume na alivyokusudia mchoraji. Ushauri wao haukukosekana hata mara moja, ila ulifika baada ya mawe kuwekwa, na gharama yake ikawa kubwa kwa pande zote.

Kwanza tuutazame mtaa wenyewe. Katika karne ya 19 Mji Mkongwe ulikaa kwenye rasi iliyokaribia kuwa kisiwa maji yanapojaa, na ng'ambo ya hori wakakaa waliokosa nafasi au uwezo wa kujenga nyumba ya mawe: watumwa na walioachwa huru, mafundi, wachukuzi, wavuvi, Wangazija, watu wa bara, Wahadhrami wa vijiduka. Ardhi ilikuwa ya matajiri, na sehemu yake ilikuwa wakfu, lakini nyumba ilikuwa ya aliyeijenga. Mtu alisimamisha fito, akakandika udongo, akaezeka makuti, akatengeneza barza mbele. Chumba cha mbele kikawa duka la rejareja au pahala pa cherehani, uani kukapikwa vya kuuza, vyumba vya pembeni vikapangishwa. Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, jambo ambalo mwanahistoria Laura Fair amelionyesha kwa ushahidi mwingi. Wapangamiji wa leo huuita mtaa wa namna hii wa matumizi mchanganyiko na huuchora kwa rangi kadhaa kwenye ramani. Ng'ambo mchanganyiko huo ulikuwa riziki: nyumba isiyoingiza chochote ilikuwa mzigo, na kutenganisha makaazi na biashara kungekuwa kumkata mwenye nyumba mkono mmoja.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1920 na wenye ardhi wakaanza kupandisha kodi ya viwanja, waliguswa wengi kwa pamoja. Kodi hiyo haikuwa ya nyumba, ilikuwa ya ardhi iliyo chini ya nyumba ambayo mtu ameijenga kwa mkono wake, na wengi walikumbuka wazee wao waliokaa pale bila kudaiwa kitu. Mwaka 1928 wakagoma kulipa. Hapakuwa na chama cha siasa cha kuwaongoza wala gazeti la kuwasemea. Palikuwa na barza, misikiti, visima na ngoma, na palikuwa na nyimbo za taarabu za akina Siti binti Saad zilizobeba habari za mjini kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Wanawake wenye nyumba walikuwa mstari wa mbele. Serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi ya ardhi. Mgomo huu kwa kawaida husimuliwa katika historia ya siasa, kama mlango wa kuingilia habari za vyama vya baadaye. Mimi naona unastahili pia kuwekwa katika historia ya mipango miji, kwani suala lililoamuliwa ndilo linaloamua kila mpango wa kujenga upya mtaa: nani ana haki ya kubaki pale thamani ya ardhi inapopanda.

Miaka mitano kabla ya mgomo, H. V. Lanchester alikuwa ameshachapisha kitabu chake cha mpango wa mji. Si haki kumfanya adui. Alikuwa amefanya kazi India katika zama za mpangamiji Patrick Geddes, na alishika imani ile ile kwamba mji uchunguzwe kwanza ndipo upangwe. Kasoro yake ni kwamba kuchunguza kwake kulikuwa kutazama. Jicho la mgeni huona upana wa njia, paa na mtaro. Halioni nani anamdai nani kodi, na hilo ndilo lililokuwa likitokota chini ya miguu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijaribu njia nyingine. Eric Dutton, Katibu Mkuu wa serikali tangu 1942 hadi 1952, pamoja na msanifu majengo Ajit Singh Hoogan, walilijenga Raha Leo katikati ya Ng'ambo, jumba la jamii lenye ukumbi na kituo cha redio, ili wenyeji wapate burudani na mafunzo ya uraia mwema. Mtafiti Garth Myers, aliyeichambua miaka hiyo kwa kina, ameonyesha jinsi watu walivyolipokea jumba na kulitia katika maisha yao kwa masharti yao wenyewe. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 Wanamapinduzi walilishika Raha Leo, na redio yake ikautangazia ulimwengu Mapinduzi. Sidhani Dutton aliwahi kuufikiria uraia wa namna hiyo.

Michenzani, magorofa yaliyojengwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi, ndiyo kesi ngumu zaidi kwa hoja yangu, na ndiyo inayostahili kukaliwa muda mrefu. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, aliahidi kwamba mtu wa Ng'ambo, aliyetazama magorofa ya Mji Mkongwe kutoka upande wa pili wa hori, naye atakaa ghorofani. Ardhi yote ikawa ya serikali, Ujerumani Mashariki ikaleta wataalamu, na baada ya nyumba za Kikwajuni na Kilimani ukaja mpango wa kuifuta Ng'ambo ya udongo na kuweka majengo marefu ya saruji. Barabara mbili pana zikapasuliwa zikikutana katikati, nyumba zilizokuwa njiani zikabomolewa, na wananchi wakajenga kwa kujitolea, wengine kwa hiari na wengine kwa kuogopa kutoonekana. Waliobomolewa walipewa nyumba ghorofani bila kulipa kodi, zenye maji ya bomba, umeme na choo cha ndani. Karume aliuawa Aprili 1972, nchi ikaishiwa fedha, na kazi ikasuasua kwa miaka. Kilichosimama ni msalaba wa majengo kando ya barabara. Ukipita leo kati ya jengo na jengo ukaingia nyuma yake, unaikuta Ng'ambo ya zamani imekaa vile vile: vichochoro, barza, vijiduka, mabati yaliyochukua nafasi ya makuti.

Hapa mpinzani ana la kusema, tena zito. Atauliza: lau Karume angeitisha mikutano, je, Michenzani ingejengwa? Katika mtaa wenye hofu, uliotoka kwenye damu ya 1964, mkutano ungezaa nini zaidi ya makofi? Na waliopewa nyumba zile, pamoja na watoto na wajukuu wao, mbona hawakuzikimbia? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Makaazi ya Michenzani ni ya kweli, na heshima waliyoipata watu waliohesabiwa kuwa wa vibandani haipimwi kwa mita za mraba. Lakini tuangalie kilichofuata. Nyumba ya udongo ilikuwa na barza. Ghorofa halikuwa nayo, watu wakaihamishia chini, kwenye ngazi na vivulini, na pale Kisonge ikakua maskani ambayo hakuna mwanasiasa wa Zanzibar asiyeijua. Nyumba ya udongo ilikuwa na duka. Mchoro wa ghorofa ulikusudia makaazi, na leo chini ya majengo yale biashara zimejipanga mlango kwa mlango. Nyumba ya udongo ilikuwa na mwenyewe wa kuzibua mtaro na kubadili bati. Ghorofa lisilo na kodi wala mmiliki aliyekubaliwa liliachwa likivuja huku kila mmoja akimngoja mwenzake. Haya matatu, yaani barza, duka na mwenye dhamana ya matengenezo, ndiyo ambayo mkaazi yeyote angeyataja mwanzoni kama angeulizwa. Hayakuhitaji mkutano wa hadhara wenye hotuba, bali mtu wa kukaa na watu kumi barzani na kuandika wanachokifanya kuanzia alfajiri hadi usiku.

Ng'ambo Tuitakayo ilijaribu jambo karibu na hilo. Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar ilishirikiana na Jiji la Amsterdam na shirika la African Architecture Matters, wakifuata pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, linalotaka urithi usihesabiwe kwa majengo peke yake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo kila kitasa cha mlango wake kina mtetezi. Ng'ambo haikuwa na wa kuitetea. Katika zoezi hili wakaazi waliulizwa wapi panapochezwa ngoma, wapi palikuwa na sinema, msikiti upi ni wa zamani, barza ipi hukusanya watu, na majibu yakawekwa kwenye ramani. Mwaka 2019 ramani hizo zikatoka kwa umbo la kitabu. Huo ni uchunguzi ambao Lanchester aliuamini kinadharia na hakuufanya.

Wapo wanaosema mikutano ya aina hii ni pambo la kuwaridhisha wafadhili, na kwamba mtaa wenyewe si sauti moja. La pili ni kweli kabisa. Mkutano huitishwa na sheha, na sheha huteuliwa na serikali; anayekuja ni mwenye nafasi, na mwenye nafasi saa nne asubuhi mara nyingi ni mzee wa kiume. Mama anayepika urojo wa kuuza jioni yuko jikoni, kijana wa bodaboda yuko njiani, mpangaji wa chumba hajui kama mkutano unamhusu. Mwaka 1928 sauti za mbele zilikuwa za wenye nyumba, na hatujui sana wapangaji wao walitaka nini. Lakini kasoro hii haitoi sababu ya kuufuta mkutano. Inadai mikutano mingi midogo, kwa saa tofauti na mahali tofauti, na kumbukumbu inayoandika nani hakuwepo. Mchoro usiomuuliza yeyote una kasoro ile ile, tena kwa ukamilifu.

Hoja ya pambo ni ngumu zaidi kuijibu, kwani inategemea kinachotokea baada ya ramani. Tangu mazungumzo hayo Michenzani imepata jumba kubwa la biashara la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na katika mtaa wa Kwahani nyumba za zamani zimepisha magorofa mapya. Majengo yanaweza kuwa mazuri. Maswali yanayofaa kuulizwa juu yake ni yale ya miaka ya 1920: aliyekuwa na nyumba yenye duka la mbele anapewa nini badala ya duka, aliyepanga chumba anahesabiwa wapi, kodi itapangwa na nani na kupandishwa mara ngapi, na mtu akitoka kupisha ujenzi, karatasi ipi mkononi mwake inasema atarudi. Haya hayamo katika michoro ya rangi. Yamo katika mikataba na kanuni za ardhi, na huko ndiko mikutano ya masheha bado haijazoea kualikwa.