Njia Mbili za Mwaka 1967: Historia ya Tiba ya Moyo Ulioshindwa Kazi kwa Mtazamo wa Bukiriro, Ngara

Mwaka 1967 ulizaa njia mbili katika historia ya tiba barani Afrika. Mwezi Februari Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, ambalo katika miaka ya 1970 liliielekeza serikali kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Tarehe 3 Desemba, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alikuwa wa kwanza kupandikiza moyo wa binadamu kwa binadamu mwenzake. Insha hii inatoa hoja kwamba, kwa mkazi wa kata ya Bukiriro wilayani Ngara, njia hizo hazishindani: ya pili haina pa kusimama bila ya kwanza.

Mgonjwa wa Barnard, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Upasuaji ulifaulu, lakini dawa za kupunguza kinga ya mwili zilimdhoofisha, akafariki kwa nimonia. Vifo vya namna hiyo vilizifanya hospitali nyingi kuacha upandikizaji, hadi siklosporini ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1980. Pampu za kusaidia moyo zilileta masharti mengine: umeme wa uhakika, dawa za kuzuia damu kuganda na vipimo vya mara kwa mara.

Nchini Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Upandikizaji uliotangulia nchini, mwaka 2017, ulikuwa wa figo. Mpangilio huo una sababu: figo hutolewa na ndugu aliye hai, ilhali moyo hutoka kwa aliyefariki, jambo linalohitaji sheria, ridhaa ya familia na usafirishaji wa saa chache.

Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi, ulibaini kuwa shinikizo la juu la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45, na madhara ya homa ya rumatiki kwa asilimia 12. La kwanza hugunduliwa kwa kipimo cha mkononi. La pili huanza na maambukizi ya koo yanayotibika kwa penisilini. Yote mawili yamo katika uwezo wa zahanati.

Mgonjwa wa Bukiriro ambaye hakugunduliwa mapema hupewa rufaa kutoka Murgwanza hadi Bugando, Mwanza, na hatimaye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Hata akibadilishiwa vali au, siku moja, moyo wenyewe, atarudi Bukiriro. Huko ndiko atakakomeza vidonge kila siku na kupimwa damu. Zahanati, kwa hiyo, ni mwanzo wa safari yake na pia mwisho wake. Ikikosa dawa, kazi ya daktari bingwa hupotea.