Homa ya ini B ya ghafla kwa wagonjwa wa hospitali

Homa ya ini B ya ghafla ni maambukizi mapya ya virusi vya hepatitisi B. Dalili zake, kama mkojo mweusi na macho ya manjano, hujitokeza siku 30 hadi 180 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo aliyeambukizwa wodini huugua akiwa amesharudi nyumbani, na chanzo hupotea kirahisi.

Virusi hivi hudumu siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hata ile isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana milipuko imetokea kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, na kwa wenye kisukari waliotobolewa vidole kwa kifaa kimoja. Kubadili sindano tu hakutoshi: dawa ikivutwa kichupani kwa bomba la sindano lililokwisha kutumika, wote watakaochomwa dawa hiyo wamo hatarini. Katika vituo vya kusafisha damu nchini Marekani, mwongozo wa 1977 wa kuwatengea wenye virusi vyumba na mashine zao ulipunguza sana maambukizi, kabla hata chanjo haijapatikana.

Kati ya watu wazima wenye afya wanaoambukizwa, wanaobaki na virusi maisha yote hawafiki 5%. Wagonjwa wa figo hubaki navyo mara nyingi zaidi. Hao wanastahili kuchanjwa mapema, kabla hawajafikia hatua ya mashine.