Peni ya Fedha ya Wafalme wa Uingereza

Neno shilingi tumelizoea hata twadhani lilizaliwa kwetu. Kumbe lilitoka Uingereza, likafika Afrika Mashariki pamoja na sarafu yake mwaka 1921. Shilingi yetu iligawanywa senti 100, lakini ile ya Waingereza iligawanywa peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Basi pauni ilikuwa peni 240. Hesabu hiyo waliishika kwa zaidi ya miaka elfu, wakaiacha mwaka 1971. Tena katika vitabu vyao peni iliandikwa kwa herufi d, wala si p. Sababu ni kwamba d ni mwanzo wa neno dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, ile ile ambayo Bwana wetu alitaka aonyeshwe, akauliza habari za sura na maandishi yake.

Sura na maandishi: hayo mawili ndiyo mlango wa kuijua sarafu yo yote ya kale. Lakini tutaona ya kuwa sura yaweza kuwa si ya mtu ye yote, na maandishi yaweza kumtaja mfalme aliyekwisha kufa. Kwa hiyo yafaa tujifunze kutazama kwa uangalifu.

Mwanzo wa peni pana na nyembamba twauona katika karne ya 8. Offa, mfalme wa Mercia katikati ya Uingereza, aliyetawala tangu 757 hata 796, alifua peni za fedha zenye jina lake, na mfano ule ukafuatwa muda wa miaka mingi. Katika ratili moja ya fedha zilihesabiwa peni 240, na ndiyo maana neno la uzito likawa neno la fedha, yaani pauni. Hata mwaka 973 hivi Mfalme Edgar akatengeneza mambo upya: upande mmoja wa kila peni pawe na sura na jina la mfalme, na upande wa pili jina la mfua sarafu pamoja na jina la mji wake.

Katika zamani zile hapakuwa na mtambo. Fedha iliyeyushwa, ikafuliwa kuwa bamba, bamba likakatwa vipande vya mviringo, vyembamba kama ukucha, upana wake karibu sentimeta 2. Mfuaji alikuwa na chapa mbili za chuma zilizochorwa kinyume, kama muhuri. Chapa ya chini ilikuwa na mwiba uliopigiliwa katika gogo la mti ili isicheze. Ya juu aliishika kwa mkono. Aliweka kipande cha fedha katikati, akapiga kwa nyundo, na peni ikawa tayari. Chapa ya juu, kwa kuwa ndiyo iliyopokea nyundo, ilipasuka au kuchakaa mapema kuliko ya chini, ikabadilishwa mara nyingi zaidi.

Jaribuni wenyewe kupiga muhuri juu ya nta laini mara kumi. Mara moja utakwenda upande, mara nyingine mkono utateleza na alama itatokea mara mbili. Ndivyo zilivyo peni hizi: moja imekosa nusu ya herufi, nyingine pua ya mfalme ni mbili. Basi kasoro ya namna hiyo si dalili ya uongo. Bali ukiona peni mbili zilizofanana kabisa, ufa kwa ufa na ukingo kwa ukingo, hapo ndipo pa kushuku, maana nyundo haifanyi hivyo. Huenda zimesubiwa katika kalibu moja na mdanganyifu wa siku hizi. Kazi ya nyundo iliendelea Uingereza mpaka mwaka 1662, mitambo ilipoiondoa kabisa.

Kwa nini mfua sarafu aliandikwa jina? Si kwa kumpa sifa, bali kumfunga. Peni ikionekana pungufu au imechanganywa na shaba, jina la mwenye kosa lilisomwa juu yake. Katika siku za Henry wa Kwanza fedha iliharibika sana, hata mtu akienda sokoni na peni zake zilikataliwa. Basi wakati wa Krismasi ya mwaka 1124 wafua sarafu wa Uingereza waliitwa Winchester mbele ya Roger, Askofu wa Salisbury, nao wakakatwa mkono wa kuume na kuhasiwa. Kazi hiyo ilikwisha kabla siku 12 za sikukuu hazijapita. Hatuisifu hukumu ya kikatili namna ile. Lakini yatufundisha jinsi watu walivyoona uzito wa jambo hili: peni iliyopunguzwa ni uongo unaopita mkono kwa mkono, na anayeumia mwisho ni maskini ambaye hana nyingine.

Sasa tufike kwenye fumbo linalowapoteza wengi. Mwaka 1180 Henry wa Pili alitoa peni mpya yenye msalaba mfupi wa mistari miwili, na nukta nne katika kila pembe ya msalaba. Mbele paliandikwa HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry. Henry akafa mwaka 1189, akafuata mwanawe Richard, kisha John mwaka 1199. Je, jina lilibadilishwa? La. Wote wawili waliendelea kufua peni zao nchini Uingereza kwa jina la baba yao, mpaka mjukuu, Henry wa Tatu, akatawala mwaka 1216 na jina likapatana tena na mwenyewe. Asomaye HENRICVS na kusema upesi, “Hii ni ya Henry,” aweza kuwa ameshika peni ya Richard au ya John. Atatambuaje basi? Hugeuza upande wa pili na kusoma, kwa mfano, WILLEM ON LVND, maana yake William wa London. Kwa kulinganisha majina ya wafuaji, miji yao, umbo la herufi na mikunjo ya nywele za mfalme, wataalamu wamezipanga peni hizo kwa miaka yake. Mtu mdogo aliyeandikwa nyuma ndiye anayetueleza habari za mfalme aliye mbele.

Mwaka 1247 msalaba ulirefushwa hata ukafika ukingoni, na katika kila pembe pakawa na nukta tatu. Haja yake ilikuwa kuwazuia wezi waliokata kingo za peni kidogo kidogo na kuyeyusha vipande, maana ncha za msalaba zikikosekana, wizi waonekana. Hata hivyo wizi haukukoma, na hapa twafika kwenye habari ya huzuni. Mwaka 1278 Edward wa Kwanza aliamuru Wayahudi wakamatwe katika nchi nzima kwa kosa la kukata kingo za fedha. Wakristo nao walishtakiwa, lakini wengi wao waliachiliwa kwa kutozwa faini, na Wayahudi zaidi ya 200 walinyongwa London. Mwaka 1290 Wayahudi wote waliosalia walifukuzwa Uingereza. Tukiishika peni ya msalaba mrefu tusisahau kwamba kosa la wengi lilitwikwa kabila moja, na watu wenye msalaba juu ya fedha yao hawakuona haya.

Mwaka 1279 Edward alitoa peni mpya yenye uzito wa gramu 1.4 hivi. Msalaba ni mrefu, wa mstari mmoja mnene. Sura ya mfalme yatazama mbele, na taji kichwani. Sura hiyo si picha ya Edward, bali ni alama ya mfalme tu, ikabaki vile vile kwa Edward wa Pili na wa Tatu. Imeandikwa EDW R ANGL DNS HYB, yaani Edward Mfalme wa Uingereza, Bwana wa Ireland. Nyuma majina ya wafuaji yakatoweka karibu yote, likabaki la mji: CIVITAS LONDON, au CIVITAS CANTOR, ndiyo Canterbury. Kabla ya hapo mwenye kutaka nusu peni aliikata peni kwa kufuata mistari ya msalaba. Sasa nusu na robo zilifuliwa mviringo.

Kuwatenga wale Edward watatu ni kazi ya subira. Herufi EDW peke yake kwa kawaida ni za miaka ya kwanza ya Edward wa Kwanza. EDWA na EDWAR zaonekana tangu mwanzo wa karne ya 14. Lakini hiyo si kanuni isiyovunjika. Lazima kutazama pia umbo la taji, na kupima uzito. Na ukimwona mwenye shada la maua badala ya taji, ujue si mfalme wa Uingereza. Hiyo ni peni ya kuiga iliyoletwa na wafanya biashara kutoka ng’ambo, ambayo Edward aliishusha kuwa nusu peni mwishoni mwa 1299, akaipiga marufuku mwaka 1300.

Basi utaratibu wa kutambua ni huu: tazama msalaba kwanza, hesabu nukta, soma nyuma kabla ya mbele, kisha pima. Wala usiisugue sarafu kwa majivu au mchanga kama sufuria. Weusi wa fedha haudhuru kitu, bali kusugua hufuta herufi zilizostahimili miaka 700.

Tena usiitenge na wenzake. Mwaka 1807 huko Tealby, katika jimbo la Lincolnshire, ziliokotwa peni karibu 6,000 za Henry wa Pili. Mia chache zilichaguliwa, na zaidi ya 5,000 zikayeyushwa. Habari ngapi zilikwenda motoni! Siku hizi sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 yamtaka aliyeokota sarafu za fedha mbili au zaidi za namna hii mahali pamoja atoe habari katika siku 14.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana, pamoja na dinari chache za dhahabu za karne ya 10 na 11. Zile za fedha zilipigwa na watawala wa pwani yetu wenyewe, zina majina yao kwa Kiarabu, na maneno ya upande mmoja hukamilishwa upande wa pili kwa vina. Wakati wafuaji wa Uingereza walipokuwa wakipiga nyundo zao, nyundo zilikuwa zikilia huku pia. Kwa kuwa sarafu zile hazikutawanywa wala kuyeyushwa, tumepata kujua majina ya wakubwa ambao hakuna kitabu kilichowakumbuka.

Basi, ndugu, jembe lako likigonga sarafu nyeusi shambani, usikimbilie kwa sonara. Iache ilivyo, weka alama mahali ulipoiona, upeleke habari serikalini au kwenye nyumba ya makumbusho. Sonara atakupa bei ya uzito wake tu. Lakini jina lililoandikwa juu yake likiyeyuka, hapana nyundo iwezayo kulirudisha.