Vidole vya Cádiz (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tulimwacha Chano Domínguez, kijana wa bandari ya Cádiz, kusini mwa Hispania, akipiga kinanda katika bendi ya roki iitwayo CAI. Najua swali linalokuwasha: alifikaje kwenye jazi, tena na flamenko, muziki wa kwao, mkononi?

Subiri kidogo. Tuanze na gitaa.

Ndiyo, gitaa! Chano alipokuwa na miaka 8 tu, baba yake, mpenzi mkubwa wa flamenko, alimpa gitaa. Lishike hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Maana mwimbaji wa flamenko hulia. Sauti hupanda, hutetemeka, kisha huteleza katikati ya noti mbili na kung'ang'ania humo humo. Mpiga gitaa anaweza kumfuata: anautikisa waya kwa kidole, sauti inapinda.

Piano je? Unabonyeza, nyundo inagonga waya, basi. Kati ya kitufe cheupe na cheusi hakuna kitu. Utaipindaje?

Chano akaingilia mlango mwingine: mapigo.

Hebu piga makofi nami. Hesabu hadi 12, halafu urudie bila kusimama. Kaza kofi kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Unaruka kwa tatu mara mbili, kisha kwa mbili mara tatu.

Umepotea? Punguza mwendo. Hiyo ndiyo buleria, mapigo ya flamenko, na ukishaizoea mwili hautulii tena.

Sasa lirudishe lile gitaa. Chano anachapa piano kama mtu anayezichapa nyuzi, halafu anakimbiza noti moja moja kwa kasi, na ndani yake anapenyeza jazi. Itafute filamu ya Calle 54 ya Fernando Trueba, ya mwaka 2000. Utamwona na mwimbaji wake, na mchezaji anayegonga sakafu kwa viatu. Mimi nikiitazama, miguu hainisikilizi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa bado.

Mwaka 1959 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alirekodi albamu ya Kind of Blue jijini New York. Kipande cha mwisho alikiita Flamenco Sketches. Mwaka 1960, ule ule aliozaliwa Chano, akatoa albamu nyingine, Sketches of Spain. Mmarekani alikuwa amekuja kuchota Hispania.

Na Chano? Alizibeba nyimbo za Kind of Blue, zile ambazo wapenzi wa jazi wanazijua noti kwa noti, akazitia makofi na mapigo ya kwao. Kisha akaenda kuzipiga wapi? New York kwenyewe, klabu ya Jazz Standard, mitambo ya kurekodi ikiwa imewashwa!

Waliozoea tarumbeta ya Miles wataipokea buleria, au watanuna?

Na hiyo rekodi, unajua ni kampuni gani iliyokuja kuitoa? Ukilisikia jina lake utaruka kitini. Usikose Jumamosi ijayo.