Meja Frederick Banting: Alikufa Vitani au kwa Ajali?

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Ni wachache wanaojua kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Grant Banting, mtoto wa mkulima wa Alliston, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka 1891. Walio wachache zaidi ni wale wanaojua kwamba mgunduzi huyu wa insulini alivaa sare za jeshi katika vita vyote viwili vya dunia, na kwamba alifariki akiwa na cheo cha meja. Makala haya yanaeleza upande huo wa maisha yake, kisha yanauliza swali la lugha: je, Banting alikufa vitani au alikufa kwa ajali?

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Banting alitaka kujiandikisha lakini alikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa macho. Hakukata tamaa. Mwaka 1915 alipokelewa katika kikosi cha tiba cha jeshi la Kanada. Kwa kuwa madaktari walihitajika upesi, masomo ya darasa lake katika Chuo Kikuu cha Toronto yalifupishwa, naye akahitimu Desemba 1916. Alipelekwa Uingereza na hatimaye Ufaransa. Mwishoni mwa Septemba 1918, karibu na mji wa Cambrai, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono. Pamoja na jeraha hilo, aliendelea kuwahudumia majeruhi wenzake. Mwaka 1919 alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Military Cross.

Yaliyofuata yanafahamika zaidi. Katika kiangazi cha mwaka 1921, Banting na kijana Charles Best walianza majaribio juu ya kongosho la mbwa katika maabara ya Profesa John Macleod mjini Toronto. Baadaye James Collip, aliyekuwa mwanakemia, alijiunga nao ili kuisafisha dawa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza. Dawa ilikuwa bado na uchafu, na matokeo hayakuridhisha. Siku 12 baadaye alidungwa dawa iliyosafishwa, na hali yake ikawa nafuu. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina hiyo hakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting aligawana fedha zake na Best. Haki za ugunduzi huo ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mgunduzi.

Mtu wa sifa hizo angeweza kupumzika. Hata hivyo, vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Banting alirudi jeshini. Kazi yake sasa ilikuwa kusimamia utafiti wa tiba ya kivita, hasa matatizo ya marubani wanaopoteza fahamu ndege inapokata kona kwa kasi. Alimuunga mkono Wilbur Franks, aliyebuni vazi lenye maji ndani yake la kumkinga rubani na hali hiyo.

Februari 1941 alipanda ndege ya kivita aina ya Hudson iliyokuwa ikipelekwa Uingereza, ili akashauriane na watafiti wa huko. Ndege iliondoka Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, usiku wa tarehe 20. Kisiwa hicho hakikuwa bado sehemu ya Kanada. Kilijiunga nayo mwaka 1949. Muda mfupi baada ya kuruka injini moja iliharibika, na rubani, Joseph Mackey, alipojaribu kurudi, ndege ilianguka msituni karibu na Musgrave Harbour. Wahudumu wawili walikufa. Banting alijeruhiwa vibaya.

Kwa mujibu wa simulizi ya Mackey, ambaye alinusurika, Banting alikuwa akiweweseka. Alidhani yuko kazini, akawa anamwamuru rubani aandike maelezo ya kitabibu. Mackey hakuyaelewa maelezo hayo, lakini ili kumtuliza alijifanya anaandika. Kisha alitoka kwenda kutafuta msaada kwenye theluji. Aliporudi, Banting alikuwa ameshakata roho. Ilikuwa tarehe 21 Februari 1941, naye alikuwa na umri wa miaka 49.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanafunzi wengi wataandika kwamba Banting "alikufa vitani". Usemi huu humpeleka msomaji kwenye uwanja wa mapambano, kwenye risasi na mabomu. Hakuna adui aliyemshambulia Banting usiku ule. Wengine wataandika kwamba "alikufa kwa ajali". Hilo ni kweli, ila linamfanya aonekane kama abiria yeyote. Neno "ajali" lenyewe lina historia: kwa Kiarabu asili yake ni muda uliowekwa, hasa ukomo wa uhai. Ndiyo maana Waswahili hulitumia kwa maana ya kudra pia, na kusema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo latueleza namna alivyokufa, wala halituelezi alikuwa akimtumikia nani.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haikuyumba katika jambo hili. Kwa kanuni zake, askari aliyefariki akiwa katika utumishi wakati wa vita huhesabiwa miongoni mwa wafu wa vita, awe ameuawa na adui, maradhi au ajali. Kaburi la Banting, lililopo katika makaburi ya Mount Pleasant mjini Toronto, ni miongoni mwa makaburi hayo.

Kwa maoni yangu, sentensi iliyo sahihi ni hii: "Meja Banting alifariki kwa ajali ya ndege akiwa katika utumishi wa kijeshi." Ni ndefu, lakini haimwongezei ushujaa asiouhitaji wala haimpunguzii heshima anayostahili. Walimu wenzangu, tunapofundisha uandishi wa wasifu, tuwazoeze wanafunzi kuandika hivyo. Neno moja lililowekwa kwa uzembe laweza kumnyima marehemu nusu ya maisha yake.