Mironjo ya Wamakonde na Mizani ya Sikio

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika kabisa, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, akiwa na kamera, mashine ya kunasia sauti na mtambo wa sinema. Miongoni mwa aliyoyakuta katika uwanda wa Makonde ni mchezaji aliyefunika uso kwa kinyago, akicheza juu ya mironjo, yaani miti mirefu ya kutembelea.

Ngoma za vinyago ni za jando na unyago. Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma, toka Mueda hadi pwani ya Msimbati inayotazama Mnazi Bay, na kwa jadi yao aliyevaa kinyago si jirani aliyejipamba. Ni mzimu uliokuja kuonekana. Mzimu haupepesuki. Kwa hiyo kusimama wima kulikuwa jambo la imani, na hapo ndipo ufundi wote unapopimwa.

Ili mwili ukae wima, ubongo huujua upande wa chini kwa kulinganisha habari za macho, za nyayo na misuli, na za sikio la ndani. Humo mna vifuko viwili vyenye chembe za chokaa zilizolala juu ya utando laini. Kichwa kikiinama, uzito wa chembe huuvuta utando, vinyweleo vilivyo chini yake hupinda, na neva hupeleka habari. Mifereji mitatu ya majimaji iliyo jirani hupima kugeuka kwa kichwa.

Mwanasayansi Pierre Flourens aliikata mifereji hiyo ya njiwa katika miaka ya 1820, ndege wakazunguka ovyo. Ilipita nusu karne kabla wanasayansi Josef Breuer na Ernst Mach hawajaeleza sababu.

Sasa mtazame mchezaji. Nyayo zake haziugusi udongo. Matundu ya kinyago yamemnyima kuona pembeni, na ni huko pembeni ambako jicho hugundua mapema kwamba mwili umeanza kuyumba. Kilichobaki ni sikio, na misuli ya shingo na miguu. Tena hawezi kutulia: ncha ya mronjo ni ndogo mno kumshikilia mtu aliyesimama kimya, hivyo kila anapoinama kidogo hana budi kuusogeza mguu chini ya uzito wake, hatua fupi fupi, na wapiga ngoma wanamfuata.