Kituo cha Mwisho, Kinyangiri

Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, tawi la reli lilijengwa kutoka Manyoni kuelekea kaskazini. Lilipita Singida, likaishia Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Halikudumu hata miaka ishirini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 lilikuwa limeshang'olewa. Reli ya Kati yenyewe, ambayo Wajerumani waliianzisha Dar es Salaam na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilibaki pale pale. Kilichoondoka ni ncha.

Kwa nini ncha? Jibu la mtaani tunalijua: wa pembezoni hana mtetezi. Lakini kuna jibu jingine, na wanahisabati walianza kulitafuta katika muongo uleule.

Mwaka 1935 Mmarekani Hassler Whitney aliuliza swali linaloonekana jepesi: tukisema kitu kimoja kinategemea vingine, tunamaanisha nini hasa? Akatoa sheria chache zinazofaa kwa vekta na kwa mitandao pia, akakiita kitu hicho matroidi. Mwaka huohuo Mjapani Takeo Nakasawa alianza kuchapisha, kwa Kijerumani, mawazo yaleyale. Whitney alipata sifa. Nakasawa alifariki Khabarovsk, Urusi, mwaka 1946 akiwa na miaka 33, na ilipita miongo mingi kabla kazi yake haijatambuliwa. Hata historia ya hisabati ina vituo vyake vya mwisho.

Moyo wa matroidi ni kubadilishana. Chukua barabara tatu: Singida hadi Dodoma, Dodoma hadi Babati, Babati hadi Singida. Ukiwa na mbili zozote, miji yote mitatu imeunganika, na ya tatu haiunganishi kipya. Mvua ikikata moja, nyingine inashika nafasi yake. Hakuna iliyo bora kwa asili, kila moja inaweza kusimama badala ya mwenzake.

Sasa rudi kwenye reli. Tuseme umeshafika Manyoni. Ukitaka kuiunganisha Kinyangiri, Singida inaingia yenyewe, kwa kuwa iko njiani. Lakini ukiiunganisha Singida, Kinyangiri haiingii. Hapa hakuna kubadilishana. Mmoja anambeba mwenzake, na mwenzake hawezi kumbeba yeye.

Sheria hii ya kinyume ndiyo tabia ya maumbo mbinuko, yale yasiyo na mbonyeo. Fikiria kamba iliyokazwa kuzunguka vigingi vya boma: kigingi cha mbali kikiingizwa, vya katikati vinamezwa, lakini vya katikati havimmezi wa mbali. Robert Dilworth aligusa miundo ya aina hii mwaka 1940, kwa njia ya aljebra. Mwaka 1985 Paul Edelman na Robert Jamison waliiandikia nadharia kamili, jiometri za mbinuko. Ukiutazama muundo huohuo kwa upande wa mpangilio wa kuondoa kimoja kimoja, unaitwa antimatroidi.

Na mpangilio huo hauna huruma. Katika mtandao wenye umbo la mti, usio na mzunguko, ukitaka kinachobaki kiendelee kuwa kitu kimoja, huwezi kuanza na Dodoma. Lazima uanze na ncha. Kinyangiri ikishatoka, Singida, ambayo jana ilikuwa katikati, leo ndiyo ncha, na zamu yake imefika. Waliopunguza reli wangeweza kuwa wema au wabaya, umbo la reli lilikuwa limeshawapangia foleni.

Baada ya uhuru reli ilijengwa tena kutoka Manyoni hadi Singida. Kinyangiri haikurudi. Singida ikawa ncha mpya. Lakini katika ramani ya umeme mambo ni tofauti: njia ya kilovolti 400 inatoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, na nyingine inatoka Singida kwenda Arusha na kuendelea Kenya. Hapo Singida ni njia panda. Mahali ni palepale, kilichobadilika ni mistari inayopagusa. Upembezoni si sifa ya udongo.

Edelman na Jamison wanatuachia jambo moja zaidi: umbo mbinuko hurudishwa lote na ncha zake. Chukua Reli ya Kati ya katikati ya miaka ya 1930. Taja Dar es Salaam, Kigoma, Mwanza na Kinyangiri, basi. Dodoma, Manyoni, Tabora na Singida zitajileta zenyewe, kwa kuwa ziko njiani. Lakini taja vituo vyote vya katikati bila Kinyangiri, na ramani itakosa kipande ambacho hakuna kituo kingine kinachoweza kukirudisha.

Wa kwanza kuondolewa ndiye asiyeweza kukisiwa na waliobaki. Ndiyo maana inabidi tumtaje kwa jina.